Treni Iliyokula Sufuria ya Mama

Nyumba yetu ya mtaa wa Shanwe, mjini Mpanda, ilinuka oili chafu. Wenzangu walirudi kutoka shuleni wakapokewa na harufu ya maharage. Mimi nilipokewa na oili iliyokwisha kutumika kwenye magari, ambayo baba aliipaka kwenye vipande vya mninga ili mchwa wasivile. Vipande hivyo vilikuwa mataruma ya kulazia reli yake. Baba alikuwa katika genge la kukarabati reli ya Mpanda, ile nyembamba inayotoka Kaliua, na jioni, badala ya kupumzika kama waume za watu, aliijenga upya uani kwetu kwa udogo. Watu wa miaka ile ya tisini wanaikumbuka hadi leo na kumsifu. Mimi niliichukia, na bado naichukia.

Nitampa haki yake, kwa sababu alikuwa fundi kweli, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Reli alizitengeneza kwa mikanda ya chuma inayofungia mizigo mikubwa, akaisimamisha kwa ubavu katika mifereji aliyoichonga kwenye kila taruma. Upana wa njia ulikuwa kiganja chake, naye alikuwa na kijiti cha kupimia alichokipitisha taruma kwa taruma, na asiporidhika aling'oa akaanza upya. Kwenye kona aliinua kidogo reli ya nje, ili treni ndogo aliyoiunda isirushwe. Kati ya mkanda na mkanda aliacha mwanya, maana chuma hutanuka juani. Kokoto alizichekecha kwa chekeche la unga la mama. Njia ilianzia kwenye mwinuko nyuma ya choo, ikazunguka jiko, ikakata pale mama alipozoea kuanika mpunga, ikateremka mpaka mbele ya baraza, na treni ilishuka yenyewe kwa uzito wake. Mpunga ukahamia kwa jirani. Sisi watoto tulikatazwa kuruka reli. Tulivuka kwenye kivuko tu, na aliyejisahau alichapwa.

Shida ilikuwa magurudumu. Aliyachonga kwa mti, lakini masika yalipoingia yakavimba, na treni ikawa inaanguka kila mara kwenye kona ya jikoni. Baba alikonda kwa ajili ya kona ile. Mama naye alikuwa na sufuria moja kubwa, nzito, aliyopewa na mama yake huko Inyonga siku alipoolewa. Kwetu haikupikiwa chochote. Ilikuwa ya watu. Ukitokea msiba au harusi mtaani, wanawake walikuja mlangoni, "Mama Tatu, tunaomba sufuria," na mama aliifuata hukohuko, akashika mwiko, akawapangia wenzake kazi. Mume wake hakuwahi kumuuliza neno nyumbani, lakini mbele ya sufuria ile alisikilizwa.

Nilikuwa darasa la tatu mama alipokwenda Inyonga kumuuguza bibi. Baba aliitoa sufuria jikoni, akachukua shoka.

"Baba, hiyo ya mama," nilimwambia.

"Tutanunua nyingine," alisema bila kunitazama.

Aliivunja vipande, akaviyeyusha kwenye mkaa huku akivuta mvukuto, akamimina uji ule wa moto kwenye kalibu ya mchanga. Kisha alipiga tupa gurudumu moja moja, mpaka ule mdomo wa ndani unaoshika reli ukawa mwembamba sawasawa pande zote. Yalikuwa mazuri. Treni ilipita kona ya jikoni bila kuyumba, na baba akacheka peke yake.

Mama aliporudi aliitafuta sufuria, akaelezwa. Hakulia. Alisema, "Haya," akaenda kuchota maji. Jumapili baba aliwaleta wenzake wa kazini pamoja na mkubwa wao kutoka Tabora waje kuona. Treni ilishuka, wakapiga makofi, wakavua viatu na kuketi mkekani barazani. Baba akaita, "Mama Tatu, leta chakula, wageni wana njaa." Mama alileta sinia lililofunikwa kwa kawa, akawanawisha mikono mmoja mmoja kwa adabu zote. Baba akafunua mwenyewe. Ndani ilikuwa treni, imeoshwa, imelazwa chali, magurudumu juu.

"Kuleni," mama alisema. "Sufuria ya kuwapikia nyie ndiyo hiyo."

Mkubwa yule mikono yake ilikuwa bado inachuruzika maji. Aliitazama treni, akamtazama baba, akavuta viatu vyake.

Baba alimnunia mama mpaka mvua zikakatika. Treni ilirudi relini. Sufuria nyingine haikununuliwa. Wanawake walianza kuazima kwa mtu mwingine, na misibani mama akawa anakaa nyuma na waosha vyombo. Alipofariki, miaka mingi baadaye, tuliazima sufuria ya kuwapikia waombolezaji wake. Nikiwa nasonga ugali huku moshi ukiniingia machoni, nilimsikia mtu uani akimpa baba pole, halafu akimsifu kwa ile kona.

Sasa ninakaa mtaa wa Kashaulili, Mpanda hiyohiyo. Uani kwangu hakuna reli, kuna mpunga. Nina sufuria kubwa iliyochongwa jina la mama ukingoni, na mtaa mzima unaiazima. Baba amezeeka, ninaishi naye, ninampikia na kumfulia. Sijamsamehe, na yeye hajawahi kuomba msamaha. Juzi sufuria ilirudishwa kutoka msibani, nikaiosha na kuianika juani karibu na kiti chake. Alinyoosha mkono, akaigonga kwa ukucha, akatega sikio.

"Aluminiamu safi hii," alisema.

Niliinyanyua ikiwa bado na maji, nikaipeleka chumbani kwangu, nikafunga mlango kwa ufunguo.