Nani Alimwambia Shabani Jiko Halimhusu?

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Maili Moja, Mwenye Mgahawa hakunipa mwiko. Alinipa ungo na mchele, akaniambia nichambue. Nimetoka kumaliza kidato cha nne, nikaona ananidharau, nikachambua bora liende. Mteja akang'ata jiwe, na Mwenye Mgahawa akanituma mimi mwenyewe nikamwombe radhi. Ndivyo tulivyofundishwa, wadogo zangu mnaoingia kazi hii leo.

Baadaye nikahamia Tumbi, kantini ya chuo. Msimamizi wa Kantini alikuwa mzee mkali, na kwenye chakula cha wanafunzi hakuwa na mzaha. Maharage yalilowekwa tangu jana yake. Wali ulipaliwa, yaani maji yakikauka unafunika sufuria na kuweka makaa ya moto juu ya mfuniko, uive taratibu. Hakuna sahani iliyotoka bila mboga za majani.

"Hawa ni watoto wa watu," alikuwa akituambia. "Wakidhoofika hapa, mama zao watatuuliza sisi."

Shabani wa Kisarawe alikula kwangu miaka yake yote ya chuo. Kijana mpole, mpenda ukoko. Kisha akapata ufadhili wa kwenda kusoma Uingereza. Kwao wakamsomea dua, wakamshonea suti, wakamnunulia sanduku. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza atakula nini. Hapo ndipo hasira zangu zinapoanzia, na hazijaisha.

Aliponipigia simu ya video, sikumtambua. Amekonda, shingo imebaki mishipa. Asubuhi mkate, jioni mkate na viazi vya pakiti, katikati vile vinywaji vya kopo vya kuongeza nguvu. Nyama hagusi, hajui imechinjwaje. Nikamuuliza kama jiko lipo. Akasema lipo, la umeme, la wanafunzi wa ghorofa nzima. Alishajaribu pilau mara moja. Akaunguza vitunguu, moshi ukapanda, kengele ya moto ikalia, jengo zima likatoka nje kwenye baridi, wengine na taulo. Tangu siku hiyo hajakanyaga jikoni.

Nilicheka, Mungu anisamehe. Kisha nikamwelekeza wali mwanzo hadi mwisho.

"Sasa dada, hayo makaa ya juu nayatoa wapi?"

Na mimi kumbe jiko lake silijui.

Siku chache baadaye akaanguka maktaba. Daktari akamwambia ni njaa. Akanitumia ujumbe kwamba anaacha masomo, anarudi, na mama yake ameshakubali.

Nilimfunga mwanangu mgongoni nikaenda Kisarawe. Mama Shabani alinipokea vizuri, nikamwamkia, nikala muhogo wake wa nazi, ndipo nikamwomba amwambie mwanawe aingie jikoni. Akakataa. Akasema yeye na dada zake wamemlea mtoto wa kiume asiyejua hata chumvi inakaa wapi, na mtaani wanasifiwa kwa hilo. Akijipikia huko, watu watasema hana kwao.

"Basi mama, arudi," nikamwambia. "Arudi na mifupa yake, shahada hana, wewe ubaki na sifa zako."

Nilikosa adabu, najua. Akajifuta mikono kwenye kanga, mikono ambayo haikuwa na kitu. Nilijua ananifukuza.

"Mpigie," akasema.

Shabani kumwona mama yake tu, akaanza habari za tiketi. Mama akamkatisha, akataka kuonyeshwa jiko. Shabani akajitetea kwamba wenzake wapo huko jikoni.

"Nao wamekuzaa? Nenda."

Akaenda. Mama akamwamuru afungue dirisha kwanza, apunguze moto, vitunguu asivipe kisogo. Dengu zilipatikana duka la jirani, na tui la kopo, ambalo mama alilisonya. Wali ukafunikwa vizuri, moto ukashushwa, marufuku kufunua. Kengele haikulia. Kijana mmoja wa Kizungu akachungulia akauliza kinanukia nini, na mama akajibu kwa Kiswahili kwamba asubiri kama wenzake.

Mwishoni Shabani akachota mchuzi, akasogeza kijiko karibu na simu. "Mama, chumvi imekolea?"

Mama alikitazama kile kijiko. Sauti ilipotoka haikuwa ile ya amri.

"Onja mwenyewe, mwanangu. Mimi siko huko."

Akaonja. Akala amesimama, sahani ya kwanza na ya pili, na sisi tunamtazama. Tiketi hakukata.

Mimi kazi nimeiacha mwaka huu, nikiwa bado kijana. Moshi wa mkaa na kifua cha mwanangu havielewani. Ninyi mnaobaki, lisheni watoto wa watu vizuri. Na wenye watoto wa kiume, waiteni jikoni wakamenye vitunguu, walie huko huko nyumbani.

Mama Shabani hunipigia siku hizi kulalamika. Eti mwanawe anatia karoti kwenye dengu za nazi, akimkataza anambishia, anasema wenzake wanazipenda hivyo. Analalamika wee, hadi majirani wote wasikie.