Saa ya King'ora na Saa ya Mashine

Siku yangu ya kwanza kazini, Mhandisi Mkuu wa kiwanda cha chai alinipokea kwa swali moja: "Binti, saa ngapi?" Nikatazama mkononi, nikamjibu. Akatikisa kichwa. "Hiyo ni yako. Humu ndani hakuna mashine mbili zenye saa zinazolingana. Utakuja kuona taabu yake." Nikacheka kimoyomoyo. Mimi nilikuja kufunga nyaya, mambo ya saa yananihusu nini?

Vijana mnaoniona leo napalilia maharage nyuma ya nyumba hapa Tukuyu mnadhani nilizaliwa na jembe mkononi. Thubutu! Nilikuwa fundi wa umeme wa akiba mpaka nikastaafu, na nilikuwa fundi kwelikweli. Umeme wa akiba ni jenereta pamoja na UPS, yaani sanduku la betri linaloshikilia mitambo wakati jenereta inaamka. Vifaa hivi siku hizi viko kwenye mtandao, na kila kinachotokea vinakiandika vyenyewe pamoja na saa yake. Saa ikiwa ya uongo, kifaa kinatoa ushahidi wa uongo, tena bila haya.

Baadaye nilihamishiwa kwenye mnara wa simu kule Isongole, kwenye baridi na mashamba ya viazi. Msimamizi wa Kanda alikuwa mkali kama pilipili, lakini ndiye aliyenifunza. "Usiweke saa kwa mkono," alikuwa akisema. "Kifundishe kifaa kuiuliza seva." Seva ya saa ni kompyuta moja inayotunza saa sahihi, na vifaa vingine vyote vinaiuliza. Unafungua ukurasa wa mipangilio, unaandika anwani ya seva, unachagua ukanda wetu, saa tatu mbele ya saa ya dunia. Ile sehemu ya kubadili saa kwa majira unaizima, maana huku kwetu majira ni mvua na mvua tena. Halafu huondoki mpaka kifaa kionyeshe kwamba kimejibiwa. Wengi hubonyeza kuhifadhi wakakimbilia chai. Mimi nilisubiri jibu.

Niliporudi kiwandani nikiwa Fundi Mkuu, nilianza na jenereta, nikaiunganisha na seva ya saa. UPS ilikuwa jengo la pili, kebo ya mtandao ilikuwa haijafika. Wiki hiyohiyo umeme ukakatika, chai ikaharibika kwenye kikaushio. Meneja mpya, ambaye hata mizigo yake alikuwa hajafungua, akamwita mwendesha jenereta, Mzee Gwamaka wa kijiji cha Lupepo. Na mimi nikaitwa, pamoja na fundi wa zamu.

"Jenereta inaonyesha uliizima," Meneja akamwambia. "UPS inaonyesha umeme wa gridi ulirudi dakika kumi na tano baadaye. Ulikuwa unawahi wapi, mzee, ukaacha kiwanda bila umeme?"

"Bosi, nilizima baada ya taa ya gridi kuwaka. Haki ya Mungu."

"Mashine haina sababu ya kumsingizia mtu. Leo ndiyo mwisho wako hapa."

Mzee yule alikuwa kiwandani kabla sijazaliwa kikazi, na bado alikuwa na watoto chuoni. Akanigeukia, machozi yakimlengalenga. Roho iliniuma, jamani! Nikauliza, "Saa ya UPS nani aliiweka?"

Fundi wa zamu akajibu bila wasiwasi, "Mimi, Mama Lugano. Niliiweka king'ora kilipolia."

Hapo nikaelewa. King'ora chetu, tangu enzi za waliotutangulia, hulia kabla ya wakati makusudi, ili wachumaji walio mbali bondeni wapate nafasi ya kupanda na vikapu vyao mpaka kwenye mizani. Mlima mzima unaishi kwa king'ora kile, hadi ibada na harusi. Sisi wenyeji tulishasahau kwamba kuna saa nyingine.

"Meneja," nikasema, "twende kwenye UPS tusubiri king'ora cha saa sita. Ukimfukuza baada ya hapo, nifukuze na mimi."

Tukasimama pale, macho kwenye kioo chake. King'ora kikalia. Kioo cha UPS kikaonyesha saa sita kamili.

"Sasa tazama simu yako, bosi."

Akatazama, akarudia kutazama. "Saa sita kasoro dakika ishirini," akasema polepole. Kumbe gridi ilikuwa imerudi dakika tano kabla Mzee hajazima, kama alivyoapa! Nilipokagua kikaushio nikakuta swichi yake ya ulinzi imejikata umeme uliporudi kwa kishindo. Hakuna aliyezembea.

Meneja alimwomba radhi mbele ya zamu nzima, na kwa hilo nilimheshimu mpaka alipohama. Mzee alinishika mikono yote miwili. "Ndaga fijo," akasema, asante sana kwa Kinyakyusa chetu.

Kebo ilivutwa upesi. Siku nastaafu, kila kifaa kiwandani kilikuwa kinaiuliza seva moja, na hilo najivunia hadi kesho. Waliniuliza kama turekebishe na king'ora. Nikakataa katakata, kwa sababu wachumaji bado wanapanda mlima kwa miguu.

Mzee Gwamaka naye alistaafu kwa heshima zake zote. Akija sokoni hupita kwangu, husimama mlangoni na fimbo yake.

"Mama Lugano, saa ngapi?"

"Unataka ya king'ora au ya mashine?"

"Nipe ya mashine, ile ya kweli iliyoniokolea kazi," hunijibu, ndipo anaingia ndani.