Memori Haikuibwa, Faili Langu Ndilo Lililoila

Leo asubuhi nimemwita mtu mwizi mbele ya ofisi nzima.

Mtu huyo ni Salome, fundi wa kompyuta wa gazeti letu hapa Songea.

Naandika programu ya kutafutia habari zetu za zamani. Tangu jana kompaila, ile inayogeuza msimbo kuwa programu, inamaliza memori na mashine inaganda. Na jana hiyohiyo Salome aliifungua mashine kuisafisha.

Nikapaza sauti: "Umechomoa memori, umeuza!"

Salome alichukua bisibisi, akafungua boksi. Memori zote zilikuwamo.

Akajaribu faili dogo, likapita. Akajaribu langu, kipimo cha memori kikapanda mpaka mwisho. Nilikuwa nimepachika habari za miaka yote ndani ya faili moja. Akaligawa vipande, vyote vikapita.

(Mwandishi wa habari mzima, sikuthibitisha chochote.)

Nilimfuata mlangoni, nikamnong'oneza samahani.

"Mzee, wizi umenitangazia kama mnadi wa mitumba sokoni Bombambili. Msamaha ndio wa kunong'ona?"



Salome hakuiba. Kesho nitalisema hilo mbele ya walewale, kwa sauti ileile. Mlio karibu, njooni msikie.