Mstari wa Fundi

Kila asubuhi, kabla hajagusa cherehani, fundi hukunja kitambaa laini kwenye meza ya kukatia na kuulaza juu yake mkono wa kushoto, ule ulioachwa mzito na kiharusi. Mkono wa kulia huusukuma mbele polepole, mpaka bega lilalamike. Likilalamika, hasogei mbele hata unywele. Mtaalamu wa mazoezi alimkanya asishindane nalo. Pale vidole vilipofika, huchora mstari wa chaki mwembamba kama uzi, wa kuvukwa kesho yake, kisha huurudisha mkono kwenye mto alioushona mwenyewe. Mteja akija na pole nyingi, humjibu, "Hizo pole lipe shati lako, limekubana." Na mtu akitaka kumwinua kwa kuuvuta mkono huo, hung'aka, "Huo si mpini! Shika kiuno."

Juzi, baada ya wiki nzima ya kukwama palepale, mkono uliteleza ukauvuka mstari kwa urahisi wa ajabu. Mkewe akapiga makofi. Fundi hakucheka. Aliinama, akautazama ule mstari kwa jicho lake la kupimia.

"Mama watoto, huu kachora nani?"

"Si wewe?"

"Mimi sichori mstari mnene kama kamba."

Mke akainamisha uso. "Nilikuonea huruma, mume wangu, nikausogeza nyuma."

Fundi akaufuta kwa kiganja, akachora mwingine pale ulipokuwa wa kweli, vidole viwili mbele ya pale alipofika. Kisha akamkabidhi mkewe chaki.

"Itunze. Nikipavuka hapo, utachora wewe."