Mdomo wa Kinyozi

Wateja walimwita Spika kwa sababu hakuishiwa maneno. Ukikaa kwenye kiti chake alianza na mpira, akahamia siasa, akamalizia na ushauri ambao hukuuomba kuhusu vipele vya ndevu: usinyoe kinyume cha nywele, usijikune, anza na taulo ya moto. Mwenyewe alikuwa mtanashati hasa. Kucha fupi, ndevu zimechongwa kwa mstari, koti jeupe limenyooshwa pasi, ngozi inang'aa mafuta. Mashine zake alizipangusa kwa spiriti kabla na baada ya kila kichwa. Mtu akiingia na kola chafu, Spika alimtania mpaka duka zima likacheka.

Duka lilikuwa lake na lilikuwa na viti viwili. Kiti cha pili alikishika shemeji yake, mdogo wa mkewe, kijana mpole ambaye Spika ndiye aliyemfundisha kazi.

Mambo yalibadilika taratibu. Mteja anaingia, anakaribishwa kwenye kiti cha Spika kilicho kitupu, anajibu, "Namsubiri huyu," kisha anakaa kwenye benchi na kuchezea simu. Alianza mmoja, wakafuata wengine, ikawa kawaida. Hata mwalimu mmoja aliyenyolewa na Spika tangu nywele zake zikiwa nyeusi akahamia kiti cha pili bila kuaga.

Spika akaanza kumchunguza shemeji. Alimwona akinong'ona na wateja, na yeye akisogea wananyamaza. Akajiambia, huyu ananichimba. Jumamosi moja benchi lilijaa watu huku kiti chake kikiwa kitupu, na uvumilivu ukamwisha. Akazima redio.

"Shemeji, niambie mbele ya watu hawa. Wateja wangu unawaambia nini?"

Shemeji alibaki na mashine inanguruma mkononi. Kichwa cha fundi baiskeli mbele yake kilikuwa kimenyolewa nusu.

"Sijawaambia kitu, shemeji."

"Nimekuchukua hujui hata kushika kitana, leo unaninyang'anya riziki? Mwizi wewe!"

Kijana akainamisha uso. Fundi baiskeli akashindwa kuvumilia, akageuka na shuka lake shingoni.

"Spika, mwache kijana wa watu. Hana kosa. Tatizo ni mdomo wako."

Kwenye benchi kila mtu akatazama viatu vyake.

Spika alielewa kama ambavyo yeyote angeelewa, kwamba anaropoka mno. Ilimuuma, lakini hakuweza kubisha. Akaamua kunyamaza. Wiki nzima alinyoa kama bubu. Wachache waliokaa kwake walimwuliza kama amefiwa. Waliobaki waliendelea kumsubiri shemeji.

Jumapili asubuhi alimkuta mkewe sebuleni akimsuka binti yao. Akaketi mkekani karibu nao.

"Mama watoto, hivi mimi nina mdomo?"

"Kwani vipi?"

"Fundi baiskeli kanisema mbele ya watu. Nimenyamaza wiki nzima na wateja hawarudi. Sasa wanataka nini, nishonwe?"

Mkewe akaacha kitana kimechomekwa kwenye nywele za mtoto, akafikiri, kisha akakichomoa. "Mama, kacheze nje kidogo." Binti akatoka, upande mmoja umesukwa, mwingine umesimama timtimu.

"Hakusema habari ya maneno yako," mkewe akasema polepole. "Alisema mdomo wenyewe. Baba watoto, kinywa chako kinanuka."

Spika akacheka, akamngoja naye acheke. Hakucheka.

"Tangu lini?"

"Muda mrefu."

"Na hukuniambia?"

"Nilikununulia peremende. Zikiisha nikakuwekea nyingine kwenye mfuko wa koti. Nilidhani umeelewa."

Peremende! Alikuwa akizimung'unya akidhani ni mapenzi.

Alitaka kuuliza zaidi, akaogopa kufungua mdomo. Akamkumbuka bwana harusi aliyefumba macho na kubana midomo alipomwinamia, na yeye akamtania mbele ya wapambe kwamba anaiogopa ndoa. Akamkumbuka mwalimu, jinsi alivyokuwa akigeuza shingo naye akimrudisha kwa vidole, "Tulia, mwalimu." Hata binti yake siku hizi alimpa utosi tu abusu. Na ni yeye aliyewacheka watu kwa kola chafu! Kumbe muda wote benchi zima lilikuwa likimhurumia. Hilo la kuhurumiwa ndilo lililomchoma kuliko yote.

Kesho yake alikwenda kliniki ya meno ya mtaa wa mbali, asije akakutana na mteja. Daktari, mwanamke kijana, alimlaza kwenye kiti na kumfunga kitambaa kifuani, sawasawa na yeye anavyowafunga wengine.

"Fungua mdomo, baba."

Akafungua kidogo, akafunga. "Samahani, daktari. Nanuka."

"Ndiyo maana umekuja. Fungua zaidi."

Hakucheka wala hakukunja uso, na Spika nusura alie.

Jino la mwisho la juu lilikuwa limeoza kwa nyuma, haliumi, linaficha chakula tu. Fizi zilikuwa zimevimba na ugaga umeganda kwenye meno kama chokaa. Mswaki alipiga asubuhi peke yake, tena harakaharaka. Usiku hakupiga. Kwamba ulimi nao husafishwa, alikuwa hajui, yeye anayewafuta wenzake hadi nyuma ya masikio. Aling'olewa jino, akakwanguliwa ugaga, akatoka na pamba shavuni na maagizo ya mswaki kabla ya kulala, ulimi kila siku, na uzi wa kupitisha kati ya meno.

Kinywa kilipona. Shemeji ndiye aliyekuwa kazi. Siku kadhaa walinyoa bega kwa bega bila kutazamana, na kila Spika akitaka kuomba radhi alijisikia akisema "mwizi wewe" mbele ya watu. Mwishowe, asubuhi moja kabla mteja hajaingia, akasema huku amempa kijana mgongo, anafuta kioo kisicho na doa.

"Shemeji, nilikukosea. Nisamehe."

"Yameisha."

"Lakini mlikuwa mnanong'ona nini?"

"Walitaka kukuambia kwa utani, wakucheke. Niliwaomba wasikuaibishe. Mimi mwenyewe nilishindwa kukuambia. Umenifundisha kazi, ningeanzaje?"

Spika aliegemea meza. Heri angemtukana.

Kijana akaja kuketi kwenye kiti cha Spika, akajifunga shuka mwenyewe. "Ninyoe ndevu."

Ikabidi ainame, uso kwa uso. Akabana pumzi. Shavu la kwanza lilipokwisha, mishipa ya shingo ilikuwa imemsimama na jasho linamtoka.

"Pumua, shemeji," kijana akasema, macho kafumba. "Utazimia na wembe mkononi."

Akapumua, ila kwa kugeukia mlangoni.

Baadhi ya wateja walirudi kwake. Mwalimu hakurudi. Wakikutana njiani huinuliana mkono kutoka ng'ambo ya barabara. Na Spika, kabla hajamwinamia mtu yeyote, bado hugeuka ukutani, akajipumulia kiganjani na kunusa, kisha akaanza kazi kimya.