Mtoto Amelala

Sauti ya kwanza niliyoisikia kila asubuhi kule mtaani Xiaobei, mjini Guangzhou, China, ilikuwa ya selotepu. Kila ghorofa ya jengo letu ilikuwa na watu wa mizigo, na tangu alfajiri walikuwa wakifunga maboksi: mkanda unavutwa kwa mlio mrefu kama kitambaa kinachochanwa, unakatwa, unavutwa tena. Ngazi zilinuka raba ya viatu vipya na kitunguu saumu kilichokaangwa. Ndani kwetu, ghorofa ya tisa, kulinukia ubani, kwa sababu Hooyo, ndivyo tulivyomwita mama kwa Kisomali, aliufukiza kila siku baada ya swala ya alasiri na kufunga madirisha yote. Alisema anafukuza harufu ya jengo. Nilikuwa na miaka tisa, na nilijua anafunga madirisha ili majirani wasimsikie Guled.

Guled ni mdogo wangu. Wakati ule alikuwa na miaka minne na hakuwa na neno hata moja. Alikuwa na mlio tu, mkali, ambao aliutoa akitaka kitu na asipoeleweka. Sisi ni Wasomali wa Eastleigh, Nairobi. Baba alisafirisha viatu, na muda mwingi alikuwa nyumbani Kenya akiviuza, hivyo mama alibaki na sisi wawili katika mji ambao hakuweza kusoma hata kibao cha choo. Woga wake ulikuwa na mizizi. Dada yake aliyehamia Ulaya alimtumia kila wiki ujumbe wa sauti kuhusu akina mama walionyang'anywa watoto kwa sababu ya kofi moja. Majirani nao walikuwa wameanza kunong'ona habari za jini. Na viza yetu ilikuwa ya mwaka mmoja mmoja; mama aliamini kwamba ikijulikana tuna mtoto mwenye kasoro, haitaongezwa. Wahenga wanasema mficha maradhi, kifo humuumbua, lakini wahenga hawakuwahi kuomba viza.

Bi Rehema alitufikia kupitia madrasa. Alikuwa Mtanzania wa Tanga, mwanafunzi wa chuo kikuu aliyesomea malezi ya watoto, na yeye na wenzake wachache walijitolea kuwatembelea akina mama wa Kisomali na kuzungumza nao juu ya kulea watoto ugenini. Mwalimu wa madrasa alimtaja mama mbele ya watu, mama akaona haya kukataa. Alhamisi ya kwanza mgeni alikuja na karatasi yenye picha ya baba, mama na mtoto mmoja wakila mezani kwa uma. Mama aliitazama sana. "Hawa wana mtoto mmoja na meza moja," alisema. "Sisi hatuna meza." Bi Rehema alicheka, akaikunja ile karatasi, akaitia mkobani, na hatukuiona tena. Kisha, akimwita mama kwa jina langu, akauliza swali lililoharibu mambo: "Mama Hodan, mtoto akikosea, huwa unafanyaje?" Nilimwona mama akikaza mtandio. Ndilo swali lenyewe alilotahadharishwa na dada yake. "Watoto wangu hawakosei," alijibu. Bi Rehema akauliza habari za yule mdogo. "Amelala," mama alisema. Guled alikuwa chumbani, amefungiwa na pakiti ya biskuti.

Aliyeumwa na nyoka, akiona ung'ongo hushtuka. Kila Alhamisi mgeni alipoondoka, mimi na mama tulikaa kumchambua. Kwa nini alitazama viatu mlangoni, kama si kuhesabu watu wa nyumba? Kwa nini anabeba daftari asiloandika? Nani hutoa alasiri yake bure? Mimi nilipewa kazi ya kupekua chini ya mito aliyoegemea, na niliifanya kwa bidii ya askari. Sikupata kitu, na mama alisema hiyo ndiyo dalili mbaya zaidi.

Alhamisi ya nne au ya tano, walipokuwa wakizungumza juu ya nyimbo ambazo bibi alimwimbia mama utotoni, mlango wa chumbani, ambao siku hiyo haukufungwa vizuri, ulifunguka na Guled akatoka, suruali yake mkononi. Mama aligeuka jiwe. Bi Rehema, aliyekuwa ameuelekea mlango ule, aligeuza shingo taratibu akatazama dirishani, akabaki hivyo mpaka nilipomrudisha mtoto ndani. "Mama Hodan," alisema bado akitazama dirishani, "mimi sijaona kitu. Siku ukitaka nione, utaniambia." Leo sijui neno la heshima zaidi kuliko hilo. Mama yeye lilimnyima usingizi. "Anayejifanya haoni," alisema, "ndiye anayeona sana."

Ndipo alipoamua kumpima. Alhamisi iliyofuata nilikuwa jikoni nachemsha chai, nikamsikia akinong'ona: "Dada, tunahamia mji wa Yiwu baada ya Idi. Nimekuambia wewe peke yako." Haikuwa kweli. Alitaka kuona kama neno lile litamrudia kwa mdomo mwingine. Lakini mimi hakuniambia kuwa ni mtego. Niliamini kwamba tunahama, nikalia chooni, na kesho yake nikamweleza Neema, rafiki yangu pekee, binti wa mfanyabiashara wa Mwanza aliyekaa ghorofa ya saba. Nilimwapisha asiseme. Siku ya tatu mama yake Neema akamsimamisha mama mbele ya duka la mchele: "Mama Hodan, kumbe mnatuhama?"

Mama alirudi nyumbani karibu na furaha. "Nimemkamata," alisema, akaeleza mtego wake mwanzo hadi mwisho. Nilielewa papo hapo kwamba aliyenaswa ni mimi, nikanyamaza. Alhamisi Bi Rehema alibisha hodi mara tatu. Tulikaa sakafuni, mama amemziba Guled mdomo kwa kiganja, tukasikiliza kandambili zikishuka ngazi. Wiki iliyofuata alikuja tena. Ya tatu hakuja.

Siku chache baadaye mama aliacha mlango wazi akipokea maboksi, na Guled akatoka. Tulimtafuta ghorofa kwa ghorofa, mama akilipaza jina ambalo kwa miezi alilificha. Tulimkuta chini, kwenye kiti cha plastiki cha mlinzi wa jengo. Watu walikuwa wamemwuliza jina lake kwa Kichina, kwa Kiingereza, kwa Kiswahili, na hakugeuza hata kichwa. Hatua chache mbele yake magari yalikuwa yakipita. Mama alimbeba mpaka juu, akakaa katikati ya maboksi, akalia. "Laiti yule mwanamke angekuwa na kifua," alisema.

"Hooyo," nikasema, "ni mimi niliyemwambia Neema."

Nilifumba macho kusubiri kofi. Halikuja. Nilipofumbua, alikuwa anavaa mtandio. Tulipanda metro, ambayo hakuwahi kuipanda bila baba, mpaka kwenye mabweni ya chuo alichosoma Bi Rehema. Bi Rehema alitoka getini amejitanda kanga. Mama hakuomba radhi. Hakuwa na mazoea hayo. Alimsukuma Guled mbele kidogo, akasema, "Leo mtoto hajalala."

Bi Rehema alizunguka nyuma ya Guled, akapiga makofi. Mtoto hakushtuka. Akapiga kwa nguvu zaidi, mlinzi wa geti akageuka; Guled hakugeuka.

"Huyu hana jini, dada yangu. Tumpeleke akapimwe masikio."

"Na wewe utaandika nini?"

"Siandiki kitu. Nitaingia nawe, na daktari akiuliza, wewe ndiye utakayejibu."

Hospitalini waligundua majimaji nyuma ya ngoma za masikio. Baada ya upasuaji mdogo, Bi Rehema alimshauri mama aache kumchanganyia Kisomali na Kiswahili, amwimbie zile nyimbo za bibi. Guled alikaribia miaka sita aliposema biyo, yaani maji, na mama akampa glasi tatu mfululizo.

Sasa tuko Nairobi. Guled anatengeneza simu, huongea polepole, watu hudhani ana kiburi. Juzi nilimwuliza mama ni lini alianza kumwamini Bi Rehema. "Sikumwamini," alisema. "Nilichoka kumshuku." Watu huwaita akina mama wa namna yake wajinga wanaokimbia msaada, na siwezi kumtetea kwa yote, shaka yake ilimgharimu mdogo wangu muda ambao haurudi. Lakini wiki hii binti yangu ameanza chekechea, na shule ilinitumia fomu kwenye simu: analala wapi, nani humwadhibu, tunaishi wangapi, wampige picha au wasimpige. Niliijaza yote nikiwa napika, kwa kidole kimoja, nikakubali kila kitu. Wala sikuuliza ni nani atakayeisoma.