Riziki aliyezipa safu majina

Wiki ya pili sasa, na asubuhi bado naweka vikombe viwili vya chai kwenye meza yetu ya ofisini. Kichwa changu hakijapokea habari. Riziki wetu hayupo.

Pikipiki iliteleza kwenye njia ya Nyangwe, mvua ikinyesha. Ni hivyo tu. Mnaoniuliza inbox, sina zaidi ya hilo.

Alikuja ofisini kwetu Kasongo kama stagiaire, mwanafunzi wa kazi, na mimi ndiye niliyemfundisha. Nasema hivi mwanzoni kwa sababu nimelisema sana, kwa kila mtu, hata wasioniuliza.

Kazi yetu ni dawa. Wauguzi wa vituo vidogo wanatuma ujumbe kila juma: kituo gani, dawa gani, kiasi gani kimebaki. Kwenye database ya kompyuta yetu kila ujumbe ni mstari mmoja, na mistari inapangana kwenda chini bila mwisho.

Papa Saidi, mkubwa wetu, hasomi mistari. Anataka karatasi moja: dawa zishuke pembeni, vituo vikae juu, kila kituo na safu yake.

Mimi niliandika safu hizo kwa mkono ndani ya code, maagizo tunayoipa kompyuta, jina kwa jina, vituo kumi na tisa. Niliona ni kazi safi. Riziki aliiangalia muda mrefu, na sikupenda alivyoiangalia.

"Yaya Faida," aliniambia, kama mtu anavyomwita dada yake mkubwa, "kwa nini tunaiambia database majina ambayo yenyewe iko nayo?"

Nilimjibu kwamba ndivyo inavyofanywa.

Kisha ikaja simu ya Mama Zaina, muuguzi wa kituo kipya kwenye kambi ya wachimbaji, ng'ambo ya Salamabila. Alikuwa ametuma ujumbe majuma manne, na dawa ya malaria ya watoto ilikuwa imemwishia tangu juma la pili. Sauti yake haikuwa ya hasira, na hilo ndilo lililoniumiza.

"Mimi ninaandika kila juma," alisema. "Kwenu mimi siko mutu?"

Ujumbe wake wote ulikuwa umefika. Mistari yake ilikuwepo, minne, mizima. Ila sikuwa nimeandika safu yenye jina la kituo chake, kwa hiyo kwenye karatasi ya Papa Saidi kituo hicho hakikuwepo duniani.

Dawa zilipelekwa siku ile ile. Riziki hakunicheka. Alivuta kiti, akasema kwao Nyangwe mama yake hapangi sahani mpaka wageni wamekaa.

Ndivyo alivyofanya. Kwanza tuiulize database vituo gani vipo leo. Kutokana na orodha hiyo, code ijiandikie yenyewe swali lenye safu zote, ziwe ishirini au hamsini, kisha iliulize. Kabla ya chakula cha mchana alikuwa amemaliza.

Nilimwambia si mbaya. Nikaenda nje nikasimama nyuma ya ofisi, nikachukia hata mwandiko wake.

Wageni walipokuja kutoka Kindu kuiona kazi ile, Riziki alikuwa kwao, dada yake amejifungua. Papa Saidi alinishika bega mbele yao, akasema Faida ametutoa mbali. Nikasema, "Aksanti, Papa." Maneno mawili.

Juu ya code, mahali pa jina la aliyeiandika, niliweka langu.

Aliporudi aliliona. Nilikuwa nimeandaa majibu, nimejiandaa kwa ugomvi. Alisema tu, "Yaya, ungeniomba. Ningekupa."

Sijawahi kumwonea mtu wivu kama nilivyomwonea dakika ile. Akili yake nilikuwa nimeshaanza kuizoea. Moyo ule sikuujua.

Kwenye matanga mama yake alingoja tukae wote, ndipo akaanza kuleta sahani. Alipofika kwangu alisimama. "Weye ndiye Faida? Alikuwa anasema ni weye ulimufundisha."

Nikaitika. Hata pale, Riziki, niliitika na kunyamaza.

Jumatatu nilifungua raporo, karatasi ile ya Papa Saidi. Kituo kipya cha upande wa Kabambare kilikuwa kimeshapata safu yake. Hakuna aliyegusa kitu. Nilikipa mgongo kiti chako, Riziki, ili nisione umefurahi.

Papa Saidi, najua unasoma hapa. Kazi ile ni ya Riziki, mwanzo hadi mwisho. Kosa la majuma manne ni langu.

Msiniandikie kwamba nina moyo mzuri. Nikiona mnavyomlilia, bado nahesabu ni wangapi wangenililia mimi.

Leo asubuhi nimefuta jina langu juu ya code, nikaandika lako, Riziki. Mkono ulisita kidogo, sitakudanganya.

Pumzika, mdogo wangu. Safari hii nimekuomba kazi ile kimoyomoyo, na najua ungenipa. Ndiyo maana nimekurudishia.